Kesi ya Watu 70: Sheria ya Mwingereza Ukambani na Usomaji wa Mahakama katika Fasihi

Utangulizi

Mwalimu mwenzangu, na wewe mtahiniwa unayejiandaa kwa karatasi ya tatu, bila shaka mmewahi kukutana na swali linalotaka mjadili maudhui ya haki na sheria katika kitabu kilichoteuliwa. Jibu la kawaida ni lile la kutaja kwamba mtawala ni dhalimu, kwamba mahakama inamtumikia yeye, na kwamba mnyonge amehukumiwa bila hatia. Jibu hilo si kosa, ila ni nusu jibu. Linachukulia kwamba sheria ni kitu kimoja kinachojulikana na wote, na kwamba taabu yote hutokana na mtu mbaya aliyeishika.

Makala haya yanadai kwamba kila tukio la mahakamani katika fasihi linapaswa kuulizwa maswali matatu. Kwanza, sheria inayotumika ni ya nani, na imetoka wapi? Pili, ni nani aliyelipa tendo jina la "kosa", na kwa lugha gani? Tatu, ni nani asiyesikika katika kesi nzima? Ili maswali haya yasielee hewani, nitayafafanua kwa kesi moja ya kweli iliyotokea hapa kwetu Ukambani mnamo 1931 na kusikizwa 1932, kisha nirejee kwenye vitabu. Tutaanza mbali kidogo, Uingereza, kwa kuwa sheria iliyotumika ilikuwa imesafiri kutoka huko.

Sheria iliyozaliwa kwingine

Wengi wetu tumewazoeza wanafunzi kuamini kwamba uchawi ni jambo la Mwafrika, na kwamba Mzungu alikuja na sheria isiyoujua. Historia haikubaliani nasi. Bunge la Uingereza lilitunga sheria dhidi ya uchawi mwaka 1542, likatunga nyingine 1563 na nyingine kali zaidi 1604, mwaka mmoja baada ya Mfalme James wa Kwanza kutawazwa. Mfalme huyo mwenyewe alikuwa ameandika kitabu kuhusu mashetani na wachawi. Chini ya sheria hizo, mtu aliyethibitishwa kumroga mwenzake hadi kufa alinyongwa. Ushahidi ulitolewa kwa kiapo, mahakimu wasomi wakausikiliza, na raia wa kawaida walioapishwa wakatoa uamuzi. Katika zama hizo hizo Shakespeare aliwaweka wachawi watatu jukwaani katika tamthilia ya Macbeth, na watazamaji wake hawakuhitaji kufafanuliwa maana yao.

Tazama sasa mambo mawili yaliyotokea katika jimbo moja la Uingereza, Hertfordshire. Mwaka 1712 mwanamke aitwaye Jane Wenham alishtakiwa kwa uchawi katika mahakama ya mji wa Hertford. Jopo la raia lilimpata na hatia na ikabidi ahukumiwe kifo. Aliponea kwa msamaha wa Malkia Anne. Mnamo 1736 Bunge lilifuta sheria za kale na kuweka nyingine iliyogeuza mambo juu chini. Tangu hapo mchawi hakuwepo tena mbele ya sheria. Aliyekuwepo ni laghai anayejifanya kuwa na nguvu za uchawi, na adhabu yake ilikuwa kifungo wala si kitanzi. Lakini Bunge lilifuta sheria, halikufuta imani. Mwezi Aprili 1751, katika mji wa Tring, umati wa watu ulimkamata mwanamke mzee aitwaye Ruth Osborne pamoja na mumewe, ukawatosa majini kuwapima kama ni wachawi. Ruth alifariki. Mtu mmoja katika umati huo, Thomas Colley, alishtakiwa katika mahakama ya Hertford na kunyongwa Agosti mwaka huo huo.

Kati ya 1712 na 1751 ni miaka 39 tu. Imani iliyokuwa ushahidi halali mahakamani wakati wa Wenham haikumfaa Colley kama utetezi. Mtu aliyekuwa kijana mwaka 1712 aliweza kuishi na kuona serikali ile ile ikimnyonga jirani yake kwa kufanya kwa mikono yale ambayo mahakama ilikuwa ikiyafanya kwa kamba.

Safari ya sheria hadi Machakos

Sheria hiyo ilisafirije hadi huku? Ilipitia milki. Kampuni ya Kifalme ya Uingereza ya Afrika Mashariki ilijenga ngome Machakos mwaka 1889, na John Ainsworth akaja kuiongoza mwaka 1892. Serikali ya Uingereza ilipoitwaa nchi kutoka kwa kampuni mwaka 1895, Machakos iliendelea kuwa kituo muhimu cha utawala wa bara hadi makao yalipohamishiwa Nairobi mwaka 1899. Kabla ya hapo, mwaka 1897, amri iliyotolewa kwa jina la Malkia Victoria ilikuwa imekwisha kuweka mfumo wa mahakama. Hadi leo sheria ya Kenya huitaja tarehe 12 Agosti 1897 kama siku ambayo sheria za jumla za Uingereza zilihesabiwa kuwa zimeingia nchini.

Kwa makosa ya jinai, hata hivyo, sheria ilikuja kwa kupitia Bara Hindi. Kanuni ya Adhabu ya India iliyotungwa mwaka 1860 ndiyo iliyotumika Kenya kwa miongo mitatu, hadi koloni lilipopata Kanuni yake ya Adhabu mwaka 1930. Huenda ndiyo sababu watu wa vizazi vilivyotangulia waliiona sheria kuwa kitu cha ofisini kilicholetwa kwa meli, kama stempu na mihuri.

Kuhusu uchawi, koloni lilitunga sheria mwaka 1909 na kuirekebisha, na ile ya 1925 ndiyo iliyodumu hata baada ya uhuru. Isome kwa makini, nawe utaisikia sauti ya 1736. Iliadhibu anayejidai kuwa na uwezo wa uchawi, na pia ilimwadhibu anayemwita mwenzake mchawi, isipokuwa akipeleka madai hayo kwa mkuu wa wilaya, polisi au chifu. Mtungaji alidhani anawalinda wanyonge, na kwa kiasi fulani alikuwa sahihi. Lakini mwanakijiji aliyeamini kwamba mkewe amerogwa aliona jambo jingine kabisa: serikali imemnyamazisha anayelalamika, imemfunga mganga anayeweza kuponya, na anayeua kwa siri haimgusi.

Kesi yenyewe

Mwaka 1931 mke wa mwanamume mmoja aitwaye Kumwaka wa Mulumbi aliugua. Aliyeshukiwa kumroga alikuwa mwanamke aitwaye Mwaiki. Wanaume walikusanyika, wakampiga kwa fimbo hadi akafa. Wanaume 70 walifikishwa mbele ya Mahakama Kuu ya koloni kwa shtaka la mauaji ya kukusudia. Kesi iliandikwa kwa jina la Mfalme dhidi ya Kumwaka na wengine 69. Mwaka 1932, 60 kati yao walihukumiwa kunyongwa.

Washtakiwa walidai kwamba walitenda kama desturi ilivyoamuru. Kikamba kina neno king'ole, lenye maana ya hukumu ya pamoja iliyotolewa na jamii dhidi ya mtu aliyekuwa amechosha watu kwa uovu usiorekebishika, kama vile mwizi sugu au mrogi. Wazungu walioandika kuhusu Wakamba mwanzoni mwa karne ya ishirini, akiwemo ofisa Charles Dundas na mtafiti Gerhard Lindblom, waliieleza desturi hiyo. Ilikuwa na masharti. Wazee walipaswa kushauriana, na ndugu wa karibu wa mtuhumiwa alipaswa kuridhia ili damu isije ikadaiwa baadaye. Wengi walishiriki kutekeleza hukumu ili pasiwe na mmoja wa kunyoshewa kidole.

Zingatia hapa mgongano wa mantiki. Katika king'ole, wingi wa mikono ndio unaolifanya tendo kuwa hukumu, wala si mauaji, kwani walioua ni jamii. Katika sheria ya Kiingereza, wingi huo huo ndio unaoongeza idadi ya wauaji, kwa sababu kila aliyeshiriki kwa nia ya pamoja anabeba kosa zima. Jambo ambalo washtakiwa walilitaja kama utetezi ndilo lililowatia hatiani. Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki nayo ilikataa kuwasikiliza. Ilishikilia kwamba kuamini uchawi peke yake hakumwondolei muuaji hatia, kwa kuwa kukubali hoja hiyo kungewatia watu moyo wa kujichukulia sheria mikononi.

Jaji hakuwa na nafasi ya kuchagua. Aliyepatikana na hatia ya mauaji ya kukusudia alihukumiwa kifo, basi. (Hali hiyo iliendelea nchini hadi Desemba 2017, Mahakama ya Upeo ilipoamua katika kesi ya Muruatetu kwamba ni kinyume cha katiba kumfunga jaji mikono namna hiyo.) Lakini hata serikali ya kikoloni iliona kwamba kuwanyonga watu 60 kwa kifo cha mmoja kungetisha. Hukumu za kifo ziligeuzwa kuwa vifungo. Habari zilifika London, zikazua mjadala magazetini, na mwaka 1933 serikali ya Uingereza iliteua tume iliyoongozwa na Grattan Bushe kuchunguza jinsi haki ya jinai ilivyokuwa ikitolewa Kenya, Uganda na Tanganyika.

Mlinganishe huyu na Colley wa Tring. Umati wa 1751 ulikuwa mkubwa pia, lakini aliyenyongwa alikuwa mmoja. Isitoshe, Waingereza walikuwa na karne mbili za kubishana wao kwa wao bungeni, makanisani na vitabuni kabla ya kuufuta uchawi katika sheria zao. Wakamba waliletewa hitimisho la mjadala ambao hawakuwahi kualikwa.

Jina la kosa: suala la lugha

Hapa ndipo mwalimu wa Kiswahili ana la kusema kuliko mwanahistoria. Kikamba hutenganisha uoi, yaani ule urogi wa kudhuru, na uwe, yaani maarifa ya kuagua na kuponya. Kiswahili nacho hutenganisha uchawi na uganga. Mchawi na mganga ni maadui. Mmoja hufunga na mwingine hufungua. Sheria ya 1909 na ile ya 1925 ziliandikwa kwa lugha iliyowatia wote wawili katika kapu moja. Mbele ya hakimu, mganga aliyeitwa kumtibu mgonjwa na mrogi aliyesemekana kumuua walikuwa watu wa aina moja, wajidai wa nguvu zisizokuwepo.

Aidha, katika mahakama za wakati huo maneno ya shahidi yalipita mikononi mwa mkalimani, mara nyingi kutoka lugha ya mama hadi Kiswahili, na kutoka Kiswahili hadi Kiingereza. Neno kama uoi likipita katika vichujio viwili hufika likiwa limepoteza uzito. Mtu anaposema "alikuwa muoi" anataja hatari iliyo mlangoni mwake, lakini karani anaandika kwamba shahidi ni mshirikina.

Tazama pia maneno mawili ya Kiswahili yanayotaja jambo lililo mbele ya hakimu: shauri na kesi. Shauri lina maana ya ushauri, mazungumzo, na pia daawa. Ndani ya neno hilo mna watu wameketi, wanashauriana, wanatafuta namna ya kuishi tena pamoja. Kesi limetoka kwa Kiingereza na ndani yake mna mshtaki na mshtakiwa. Mshtaki katika kesi ya Kumwaka hakuwa jamaa ya Mwaiki bali Mfalme George wa Tano, aliyekuwa London. Unaposoma kazi ya fasihi, chunguza ni neno lipi mwandishi amelitumia, na lini mhusika anahama kutoka moja hadi jingine. Mara nyingi hapo ndipo penye mgogoro.

Sheria isiyohitaji kosa

Kesi ya 1932 angalau ilikuwa na maiti, mashahidi na rufani. Miaka sita baadaye Ukambani uliona sura nyingine ya sheria. Mwaka 1938 serikali ililazimisha uuzaji wa ng'ombe wa Wakamba kwa hoja kwamba mifugo ilikuwa imezidi na udongo unamomonyoka. Samuel Muindi Mbingu, kiongozi wa Chama cha Wanachama wa Ukamba, aliwaongoza maelfu ya watu, wanaume, wanawake na watoto, kutoka Machakos hadi Nairobi mwezi Julai. Walipiga kambi huko kwa majuma kadhaa wakitaka kuonana na gavana. Mwezi Septemba Muindi alikamatwa na kupelekwa uhamishoni Lamu. Hakusomewa shtaka mbele ya jaji wala kupewa nafasi ya kujitetea. Kabla ya mwaka kwisha serikali ilikuwa imeuacha mpango wa kunyang'anya ng'ombe kwa nguvu, ila mtu aliyeupinga aliendelea kukaa uhamishoni.

Ukiziweka kesi hizi mbili pamoja unapata funzo. Serikali iliyosisitiza mwaka 1932 kwamba mtu hawezi kuadhibiwa ila kwa ushahidi na mahakama, mwaka 1938 ilimwadhibu mtu bila ushahidi wala mahakama. Dai la kwamba sheria ni moja kwa wote lilikoma pale maslahi ya milki yalipoguswa.

Kutoka mahakamani hadi vitabuni

Sasa turejee kwenye fasihi. Katika Kusadikika (1951), Shaaban Robert anamleta Karama mbele ya baraza akishtakiwa na waziri Majivuno. Kosa lake ni kuanzisha mafunzo ya uanasheria. Mtahiniwa wa juu juu ataandika kwamba Majivuno ana wivu. Ukiuliza swali letu la pili, la nani ameliita tendo kosa, utaona kejeli ilipo: kinachoitwa jinai ni kuwafundisha watu sheria inayowahukumu. Kitabu hiki kiliandikwa Tanganyika ilipokuwa chini ya Mwingereza. Nchi ya angani ya Kusadikika ni pazia, na nyuma ya pazia wamo watu waliohukumiwa kwa sheria ambazo hawakufunzwa.

Mfano wa pili ni Mabepari wa Venisi (1969), tafsiri ya Julius Nyerere ya tamthilia ya Shakespeare. Wengi husoma onyesho la mahakama kama ushindi wa huruma juu ya ukatili. Uliza swali la kwanza: sheria ni ya nani? Shylock anaingia akiamini kwamba mkataba ni mkataba, na sheria ya Venisi ni moja kwa wenyeji na wageni. Anapokaribia kushinda, inafichuliwa sheria nyingine inayomhusu mgeni anayehatarisha maisha ya raia, na kwa sheria hiyo anapoteza mali na kulazimishwa kubadili dini. Hapa hatumtetei Shylock, kwa maana alitaka nyama ya mtu. Tunachoona ni mahakama yenye sheria mbili, moja mezani na nyingine mtotoni. Nyerere aliweka neno "mabepari" kwa wingi, pale ambapo kichwa cha Shakespeare kina mfanyabiashara mmoja. Yamkini alitaka tusimtazame Shylock peke yake.

Tatu ni Kinjeketile (1969) ya Ebrahim Hussein. Mganga wa kihistoria ambaye tamthilia imemwegemea alinyongwa na Wajerumani Agosti 1905 kama mhaini. Linganisha: kwa sheria ya Kiingereza ya 1925 mtu kama yeye angeitwa laghai, kwa Mjerumani aliitwa mhaini. Mtu ni yule yule, maji ni yale yale, ila jina la kosa hufuata hofu ya anayetawala.

Katika Kifo Kisimani (2001) ya Kithaka wa Mberia, kilichotahiniwa katika KCSE kwa miaka kadhaa, Mtemi Bokono wa Butangi anamtia Mwelusi gerezani kwa kuwazindua watu. Mwanafunzi anayejua habari za Muindi Mbingu hatahitaji kuambiwa kwamba mambo ya Butangi si ya kubuni tu.

Asiyesikika

Limebaki swali la tatu, nalo ndilo zito zaidi. Katika mjadala wote wa 1932, wanasheria walizungumzia washtakiwa, magazeti yakazungumzia gavana, na sisi wahakiki tukizungumzia kesi hii hupenda kuzungumzia ukoloni. Mwaiki yuko wapi? Hakuna aliyeuliza alisema nini kabla ya kuuawa. Sheria ya Mwingereza ilimhitaji akiwa maiti, na desturi ilimhitaji akiwa mrogi. Mwalimu anayefundisha kesi hii ili kuonyesha tu kwamba Mzungu hakuelewa mila zetu, amemzika mara ya pili. Na anayeifundisha ili kuthibitisha ule utani kwamba Wakamba ni watu wa uchawi, amesahau kwamba Ruth Osborne alikuwa Mwingereza.

Jambo hili halijapita. Mei 2008, katika wilaya ya Kisii, watu 11 walioshukiwa kuwa wachawi, wengi wao wanawake, waliuawa na nyumba zao kuteketezwa. Oktoba 2021 wanawake wanne waliuawa huko huko kwa tuhuma ya aina hiyo. Kule Kilifi wazee wenye mvi wameishi kwa hofu kwa miaka. Wanafunzi wetu husikia tuhuma hizi nyumbani, kisha wanakuja darasani tunawaambia waorodheshe maudhui. Tukiwafundisha kuuliza "ni nani asiyesikika?" katika kitabu, huenda siku moja wakauliza swali hilo hilo kijijini, umati ukiwa umekwisha kukusanyika na fimbo ziko tayari.

Hitimisho

Nimejaribu kuonyesha kwamba sheria ina historia, ina lugha na ina mwenyewe. Mtahiniwa anayejua hivyo hatatosheka kuandika kwamba mahakama ilikuwa dhalimu. Atasema ilikuwa dhalimu kwa namna gani, kwa maneno yapi, na kwa hasara ya nani, na atatolea mfano. Mwalimu naye asisubiri swali la mtihani ili alete historia darasani. Machakos yetu ina ya kutosha.

Maswali ya kujadili

1. Eleza tofauti ya kimantiki kati ya king'ole na mauaji ya kukusudia katika sheria ya Kiingereza. Je, kuielewa tofauti hiyo ni sawa na kuitetea?

2. Teua tukio moja la mahakamani katika kitabu ulichosoma. Lijibie maswali matatu yaliyopendekezwa katika makala haya.

3. "Jina la kosa hufuata hofu ya anayetawala." Thibitisha kauli hii kwa kurejelea kazi mbili za fasihi.

4. Buni ushahidi ambao Mwaiki angeutoa laiti angefikishwa mbele ya wazee akiwa hai. (Uandishi wa kubuni.)